Maangamizi ya Kona ya Musa kwa Chaki Nyekundu

Jumatatu, 5 Agosti 2024. Mwabungo.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya ya Mjadala ya Mwabungo, Bi Mwanapili (namtaja wa kwanza kwa kuwa itifaki inanilazimu, si moyo), mheshimiwa naibu wa chifu, imamu wetu, wazee kwa madaraja yao, mke wangu Bi Warda, rafiki yangu Rai, mfugaji kutoka Kinango, na paka, uliyeketi juu ya karatasi zangu: assalamu alaikum.

Ndivyo nitakavyoanza. Nimejaribu mbele ya kioo. Dakika nne kamili. Warda alisema kutoka jikoni kwamba mpaka nimfikie paka, watu watakuwa wamekwisha kurudi makwao. Hajui itifaki.

Mambo yenyewe ni haya. Jumapili hii, baada ya swala ya alasiri, ndio mjadala mkuu wa mwaka. Atakayezungumza vyema kuliko wote huchaguliwa mwenyekiti papo hapo kwa kura ya siri. Nimeshindwa miaka mitatu mfululizo, na kila mara na Bi Mwanapili, mkunga mstaafu. Amewapokea duniani nusu ya wapiga kura, na nusu iliyobaki amewapokelea watoto. Huo si ushindani wa haki! Mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini na mmoja. Hakuna hata mmoja akumbukaye mito niliyomchorea ubaoni. Wote wanakumbuka mikono ya Mwanapili.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anisomaye. Nina miaka sitini na minane. Tangu nistaafu, hakuna mtu aliyeniuliza swali lolote isipokuwa saa. Nakitaka kile kiti. Basi.

Mada imebandikwa leo mlangoni mwa ukumbi: kwa nini watu wa zama hizi hupenda mno kuona miji mikubwa ikiangamizwa, japo kwenye filamu tu? Wamechagua vijana. Nilikaribia kupiga vigelegele. Mwanapili anajua nini kuhusu miji?

Jioni nimetazama filamu ya namna hiyo pamoja na Warda, kwa utafiti. Jiji lenye majumba marefu kuliko minazi mitano iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Likaja wimbi. Likaja na dude. Jiji lote chini kabla sijamaliza chai. Nilimwuliza Warda alichohisi. Alisema alikuwa akimfikiria atakayefagia.

Nadharia yangu ya kwanza: husuda. Mnyonge hupata burudani amwonapo mkubwa akipiga magoti. Nimeiandika kwa wino mweusi. Inanitosha? Hainitoshi. Watu wa miji hiyo hiyo ndio hujaza kumbi za sinema kutazama mitaa yao wenyewe ikiporomoka. Nani hujihusudu mwenyewe?

Jumanne, 6 Agosti.

Nimepata! Ilinijia nikiwa natia maji pipani.

Haiangamizwi ila miji yenye cheo. Hakuna mtunga filamu aliyewahi kujisumbua kuivunja Mwabungo. Ukunda, na pilikapilika zake zote, hakuna dude lililotoka baharini kuikanyaga. Msambweni haijapata hata mtetemo. Kwa hiyo kuangamizwa katika filamu si adhabu, ni shahada. Ni ulimwengu kukiri kwamba wewe upo, na kwamba ukiondoka pengo litaonekana.

Nimelisoma fungu hilo kwa sauti mara tatu. Paka alitoka.

Hapo ndipo mpango ulipojiunda. Nitajenga mfano wa Kona ya Musa, njia panda yetu ya Ukunda, kwa maboksi na gundi. Kila duka mahali pake. Jumapili, nikifika kwenye hitimisho, nitauangamiza mbele ya macho ya hadhira. Ukumbi utashika pumzi. Mwanapili ana maneno tu. Mimi nitakuwa na janga.

Kuhusu mwangamizaji nimeamua pweza. Mnyama wa hapa hapa, wa miamba ya Galu, si wa kuagizwa ng'ambo. Warda ametoa kanga kuukuu za kushonea mikono, baada ya kuniuliza mara mbili kama ni lazima. Pweza atakuwa Rai, kwa kuwa ana kimo na ni mtiifu kwa marafiki. Rai amezaliwa na kukulia kwenye ng'ombe, pweza amemwona mara moja tu, kwenye sinia, tena akiwa amepikwa kwa nazi. Aliniuliza mdomo uko upande gani. Kisha akasema, Mwalimu, mikono minane, mimi Mungu kanipa miwili, hiyo sita ataishika nani? Nikamwambia tutaijaza matambara. Alisema kwao Kinango mtu mzima akivaa hivyo huitiwa jamaa zake.

Amekubali lakini. Rafiki wa kweli.

Jumatano, 7 Agosti.

Siku ya vipimo. Nimeshinda Kona ya Musa tangu saa tatu asubuhi na kamba, daftari na kipande cha chaki nyekundu, katika zile nilizobaki nazo nilipostaafu. Nilivaa kizibao cha kung'aa cha Rai, kile avaacho akivusha ng'ombe barabara kuu, ili madereva wanione, na kofia nikaishusha hadi machoni kwa sababu ya jua. Nilipima upana wa duka, nikaandika, nikatia alama ya mkasi ukutani, mistari miwili iliyokatana, ili nisilipime duka mara mbili. Maduka ishirini na matatu. Kazi safi kabisa.

Sikusema na mtu. Najua desturi yetu: jambo lolote linalomgusa mwenzio huombewa radhi kabla, hata safari, hata kukata tawi lililoingia uani kwake. Lakini haya ni maboksi! Nani huomba radhi ya boksi?

Jambo moja limenishangaza na naliandika kwa unyenyekevu usio wa kawaida yangu. Nimepita njia panda ile miaka thelathini. Leo ndio mara ya kwanza nimeiona. Sikujua kwamba duka la vitambaa lina ghorofa ya pili yenye dirisha la buluu na chungu cha mrehani. Sikujua kwamba kibao cha Mramba, fundi wa simu, kimeandikwa kwa mkono, kwa hati nzuri kuliko yangu. Sikujua kwamba Biasha, muuza viazi karai, amejenga kigenge chake cha mabati kwa namna ambayo kivuli chake huangukia mlango wa Mramba mchana kutwa. Hawa wawili hawasemezani mwaka wa nne sasa. Biasha humwaga maji, yanatiririka kizingitini kwa Mramba. Jirani na jirani, mkono kwa mkono, na salamu hakuna.

Kumbe ili uuvunje mji, sharti kwanza uuhesabu. Labda hii ndiyo siri ya filamu zile. Mtu hapewi nafasi ya kulitazama jiji lake ila pale anapoambiwa linaondoka.

Nadharia ya pili. Naiona ni ya nguvu. Nitaitia baada ya husuda, kabla ya pweza.

Alhamisi, 8 Agosti.

La haula!

Nilirudi Kona ya Musa saa nne kuhakikisha upana wa duka la magodoro. Nikakuta watu wanahama. Wote. Magunia ya mchele juu ya mikokoteni, cherehani njiani, mabati yanang'olewa. Mwanamke mmoja alinikabidhi ncha ya kabati la vioo bila kuniuliza jina, nikalibeba. Nilibeba mizigo nusu saa nzima. Nikabeba kwa bidii, na nikafurahi, nakiri, maana kila mtu alikuwa akiniita kaka, shika hapa. Baba, pole pole hapo.

Ndipo nikamwuliza fundi wa nguo kulikoni. Akanitazama kwa huruma. Akasema, Mwalimu wangu, wewe hukuona? Jana walikuja kutia alama nyekundu. Bomoabomoa! Nani hajui alama nyekundu ukutani maana yake nini? Alikuja mzee wa serikali, kizibao kinang'aa, daftari mkononi, hata salamu hana. Sura ya ukatili kabisa.

Sura ya ukatili!

Nilijificha nyuma ya magodoro nipange mawazo. Kutoka huko nikaona jambo. Biasha alikuwa anahangaika na karai lake, mafuta bado ya moto, halishikiki. Mramba akaacha maboksi yake ya simu barabarani, akavua shati, akazungushia mkono, akashika sikio moja la karai. Biasha akashika la pili. Wakavuka barabara kwa hatua za maharusi. Mramba akawa anasema, taratibu Biasha, taratibu dada yangu, usiniunguze nikakosa mke. Naye akamjibu kwamba mke angekwisha kumpata zamani kama angekuwa na maneno machache. Walicheka! Kisha Biasha akarudi mbio, akaziweka simu za Mramba kwenye pindo la leso yake, moja moja, kama mayai.

Bi Mwanapili naye alikuwapo. Ameketi juu ya kreti ya soda, amempakata mtoto wa mtu, anatazama tu. Hakubeba hata kijiko! Nimeliandika hilo, litanifaa kwenye kampeni.

Nilipotoka kwenye magodoro, Biasha alinipa sinia nilishike. Nikanyoosha mkono. Akaona vidole vyangu. Vyekundu mpaka kwenye kucha. Sikuwa nimeviosha vyema. Akageuka akatazama ukutani. Akarudi kwenye vidole. Akasema kwa sauti ya chini sana, na hiyo ndiyo iliyonitisha: Mwalimu Abdulaziz, shikamoo. Hii ni nini?

Sitaandika yaliyofuata. Nilijieleza nikiwa nimesimama juu ya kreti, ile ile ya Mwanapili, aliyoniachia kwa adabu. Maneno "mfano wa maboksi" hayakupokelewa vizuri. Neno "pweza" halikusaidia.

Ijumaa, 9 Agosti.

Naibu wa chifu aliniita asubuhi. Alikuwa mwanafunzi wangu, darasa la mwaka wa mvua nyingi. Alinionya kwa heshima kubwa, na hilo huumiza zaidi. Alisema akisikia tena nimekaribia ukuta wa mtu na kitu chochote cha rangi, itambidi asahau kwamba ni mimi niliyemfundisha kusoma ramani.

Baada ya swala, imamu alisema kwamba katika jamaa yetu yupo aliyewatia watu hofu bila kukusudia, na kwamba njia ya kutoka anaijua. Macho mia mbili yakageuka. Nikasimama. Nikasema nitaomba radhi duka kwa duka.

Nimefanya hivyo mchana kutwa, na ndoo ya maji na kitambaa, nikifuta alama na kuomba. Wengi walinisamehe kabla sijamaliza sentensi. Ni watu wema na sentensi zangu ni ndefu. Mramba alinisamehe akaongeza kwamba lile boksi lake nisiende kulikosea kibao. Nikamwuliza boksi gani. Akasema la kwenye mji wako, Mwalimu. Si bado utauvunja?

Basi ndipo ilipoanza! Mwenye duka la dawa, ambaye sikumtia alama kwa kuwa yuko nje ya kipimo changu, alinisimamisha njiani. Uso umemvimba. Aliniuliza duka lake lina kasoro gani hata lisivunjwe. Baba yake alilifungua kabla hapajawa na lami, na leo kila mtu yumo isipokuwa yeye? Nyuma yake wakapanga mstari wengine. Kinyozi. Mama wa mboga. Mwenye mashine ya kusaga. Walitaka waangamizwe na wao. Kinyozi aliomba aangamizwe wa kwanza, kama inawezekana, na pweza aonekane akisita kidogo mlangoni pake.

Nadharia ya shahada imethibitika! Machozi yalinilengalenga.

Mmoja tu amenikatalia radhi. Biasha. Alikuwa anakaanga, kigenge kimekwisha rudi mahali pake. Alisema atafikiri. Nikamwuliza afikiri nini, ilhali ni boksi. Akasema ndiyo maana hasa anataka kufikiri, kwa kuwa mimi sikufikiri. Halafu akamwaga maji yake ya kuoshea viazi. Yakatiririka hadi kizingitini kwa Mramba. Mramba akafyonza, akavuta mlango. Hawakusemezana.

Jana walibebana, leo hivyo. Binadamu ni kitu cha ajabu. Lakini hayo hayahusiani na mada.

Jumamosi, 10 Agosti.

Mji umekamilika. Subhanallah, nimejenga!

Wenyewe walileta maboksi. Kinyozi alileta lake likiwa tayari lina kiti ndani. Mwenye duka la vitambaa alileta vipande halisi vya kutundika. Nilitengeneza mrehani kwa uzi wa kijani. Maduka ishirini na matatu yakawa arobaini na moja. Ubao wa chini niliuongeza mara tatu. Warda mwenyewe, ambaye hajanisemesha tangu Alhamisi, alisimama mlangoni mwa sebule na sinia mkononi muda mrefu. Kisha akasema kigenge cha Biasha kimeegemea kushoto, cha kweli kinaegemea kulia. Nikakirekebisha. Alikuwa sahihi.

Nilipokuwa nasubiri gundi ikauke nilifikiri jambo lisilokuwamo kwenye hotuba. Sisi wa pwani tunayo miji iliyokufa kweli. Kuta za matumbawe msituni, mihrabu bila paa, mizizi imekaa walipokaa watu. Hakuna anayekwenda huko kupiga makofi. Watu hushusha sauti. Wengine huvua viatu. Mbona hapo hakuna burudani? Nadhani kwa sababu ukitoka kwenye filamu unaukuta mji wako umesimama, muuza karanga yuko pale pale, nawe unataka kumkumbatia. Lakini ukitoka kwenye gofu hakuna cha kukuta. Burudani si anguko. Ni kule kurudi ukakuta bado.

Wazo zuri. Nimelifuta. Lingempunguzia pweza uzito.

Saa kumi, balaa. Nimepima barabara. Nimepima maduka. Nimepima hata mlingoti wa taa. Sikupima mlango wangu mwenyewe.

Kona ya Musa haipiti mlangoni! Imezidi shubiri mbili upande huu na shubiri moja upande wa pili. Tuliilaza ubavu, mashine ya kusaga ikaanguka. Rai alishauri tuikate katikati. Nikamwambia mwanadamu haukati mji uliojengwa na watu arobaini na mmoja. Akasema lakini kesho si unauvunja? Kuna siku Rai huwa hanielewi kabisa.

Uamuzi ulikuwa mgumu. Miimo ya mlango wetu ni ya mbao ngumu za mbambakofi, aliichonga marehemu baba yake Warda kwa mkono wake, akatupa siku ya harusi. Warda alikuwa kwa dada yake Galu. Nilisimama mbele ya miimo ile, nikaishika, nikaiomba radhi. Haikukataa. Nikachukua mtaimbo.

Warda amerudi. Sitaandika.

Jumapili, 11 Agosti.

Nimelala sebuleni. Upepo unaingia vizuri.

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Kona ya Musa ilisimama katikati juu ya meza nne, watu wakaizunguka kabla ya wakati, kila mtu akitafuta lake. Kinyozi alimwonyesha bibi yake kiti. Mwenye duka la dawa alijipangusa macho akasema ni vumbi. Nilipoanza itifaki kulikuwa kimya kama darasani zamani. Nilizungumza! Husuda, shahada, kuhesabu kabla ya kuvunja. Nilisema mataifa yenye majiji hujitisha kwa picha ili yalale usingizi, na kwamba wenye vingi wana cha kuota kikipotea. Wazee walitikisa vichwa. Rai alikuwa amesimama pembeni ndani ya kanga nane, jasho linamtiririka, ameshika mkono wa pili kwa mkono wa kwanza. Wakati wote huo nilikuwa nakiona kiti cha mwenyekiti kwa ncha ya jicho.

Nikafika kwenye hitimisho. Nikainua mkono. Nikasema, na sasa, waheshimiwa, iangamie!

Rai akapiga hatua.

Biasha akasimama. Alisema hajatoa radhi.

Nilimkumbusha kwa upole kwamba ni maboksi. Akasema anajua ni maboksi, amezoea maboksi, ndani yake hutia viazi. Lakini lile pale ni genge lake, mpaka namna lilivyoegemea. Alhamisi alilifungasha akidhani halitakuwapo tena. Hawezi kulifungasha mara ya pili kwa ajili ya makofi. Alisema, Mwalimu, wewe ulitupa siku moja ya kulilia mahali petu. Ahsante. Inatosha.

Kinyozi, aliyeomba avunjwe wa kwanza, akasema na yeye anaondoa radhi yake. Mramba akaondoa ya kwake. Wakaondoa mmoja mmoja, wote arobaini waliokuwa wameitoa. Desturi ni desturi. Pasi na radhi, hakuna jambo. Pweza akabaki amesimama, kisha akauliza kama anaweza kuketi. Wakamsogezea kiti, wakampa maji, mtoto akamshikia mkono wa tano.

Ndipo Bi Mwanapili akaomba nafasi. Hakuwa na karatasi! Alizungumza dakika tatu. Nayaandika kama yalivyo, kwa uaminifu wa mwanazuoni.

Alisema yeye filamu hizo huzitazama na wajukuu, na kuna kitu kimoja hukiona katika zote. Kabla jiji halijaanguka, watu wake hawajuani. Mmoja yuko juu ghorofani, mwingine chini anasukuma mkokoteni, na macho yao hayajakutana. Jengo likianguka tu, wanashikana mikono kuvuka barabara. Wanaulizana majina. Alisema pengine hatupendi kuona miji ikifa. Tunapenda kuona watu wakipata ruhusa ya kupendana, na hatujui njia nyingine ya kuomba ruhusa hiyo ila kwa mafuriko na moto. Akasema Alhamisi aliketi juu ya kreti pale Kona ya Musa akaona filamu hiyo hiyo, bila kiingilio. Aliona karai moja la moto na watu wawili. Hakuwataja. Hakukuwa na haja. Ukumbi mzima uligeuka, na Mramba akatazama viatu vyake, na Biasha akarekebisha leso ambayo haikuwa na kasoro. Alisema Ijumaa hofu iliisha, na maji yakarudi kumwagwa palipokuwa pakimwagwa. Akauliza: je, waungwana, tukae tungoje alama nyekundu nyingine?

Akaketi. Halafu Mramba alisema, bila kumtazama mtu, kwamba mfereji mmoja mdogo ungetosha, na kwamba yeye ana jembe. Biasha akasema na yeye ana mikono.

Kura: Mwanapili tisini na nne. Mimi mbili.

Moja ni yangu. Ya pili nilidhani ni ya Rai. Rai alisema samahani ndugu yangu, mikono ilikuwa mingi, nikajikuta nimempigia mama. Warda? Warda alisema ampigie kura mtu asiye na mlango? Nikatoka nje nikimsaka mtu wa kumshukuru. Bi Mwanapili alinifuata. Alisema kwa adabu zake za wodi kwamba kwao mgombea hajipigii kura mwenyewe, humpigia mwenzake. Akanipa pole. Akaniuliza nadharia ya kuhesabu mji kabla ya kuuvunja niliitoa wapi, kwa kuwa usiku atalala akiifikiria.

Ameniuliza swali. Si saa.

Mfano umebaki ukumbini. Watauhifadhi.

Jumatatu, 12 Agosti.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Bi Mwanapili, usiyekuwapo. Bi Warda, uliyeko kwa dada yako Galu hadi mlango urudi. Ndugu Rai, uliyekuja kudai kizibao chako. Na paka, uliyerudi: assalamu alaikum. Nakiitisha kikao hiki sebuleni pangu, mahali ambapo sasa wajumbe wanaweza kuingia kwa urahisi.

Nimeyatafakari ya jana tangu alfajiri. Nimeyapima kila upande. Asubuhi nilipita Kona ya Musa nikawakuta Mramba na Biasha wameinama kwenye mfereji, wanabishana utelemke upande gani, na wakaniita, Mwalimu, wewe si ndiye wa jiografia, maji haya yaende wapi? Niliwaonyesha. Wamenipa viazi.

Nimeyaelewa yote. Kasoro ilikuwa moja tu: ukubwa. Kona ya Musa ni ndogo, kila mtu alimwona mwenzake, huruma ikaingia. Ungekuwa mji mkubwa, pweza angefanya kazi yake na kiti kingekuwa changu. Tena Mwenyekiti mwenyewe aliuliza hadharani kama tukae tungoje alama nyekundu nyingine. Jibu la kikao hiki ni hapana. Tusingoje.

Kwa hiyo naazimia, na kikao kitekeleze: mjadala wa mwakani, tutaangamiza Mombasa nzima. Bandari, kivuko, Mji wa Kale, duka kwa duka. Rai atafute maboksi ya majokofu, yale makubwa. Bi Warda, akirejea, aarifiwe kwamba ukuta wa sebule upande wa bahari utaondolewa kwa muda. Paka abaki mahali pake.

Kuhusu radhi, nimejifunza: wenyewe wataombwa mwishoni, wote kwa pamoja, kwa barua.

Vipimo vinaanza leo, upande wa Likoni. Kizibao ninacho, Rai amekubali kukiacha hadi Ijumaa. Chaki sitaki tena kuiona; ilifutika kwa kitambaa chenye maji tu. Nimechukua rangi ya mafuta.